Mavyaa anatulaza na jiko la mkaa chumbani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Ngamiani, Tanga mjini, nimezaliwa na kukulia kwenye joto. Baridi niliyokuwa naijua ni ile ya upepo wa kusi ukivuma Raskazone jioni, unajitanda khanga ya pili, basi imekwisha. Mwaka juzi nikaolewa Lushoto, njia ya kupanda Magamba, na huko ndiko nilikojua maana ya kipupwe. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane ukungu unaingia hadi jikoni, nguo inakaa kambani siku tatu bado mbichi, na maji ya bomba asubuhi yanauma meno.

Nimejifungua mtoto wa kike, wa kwanza, leo ana siku 26. Mume wangu anasafirisha mboga kwenda Dar, kwa wiki halali nyumbani siku tatu au nne. Kwa hiyo mavyaa amehamia chumbani kwangu kunilea, na Mungu shahidi, ananilea kweli. Uji wa pilipili manga, supu, kunikanda maji ya moto, kumwogesha mtoto, yote yake. Sina la kumlaumu isipokuwa hili moja.

Kila siku baada ya Isha anawasha ile seredani yake kuukuu nje, anaipepea mpaka makaa yawe mekundu yote, kisha anaiingiza chumbani. Anafunga dirisha, anafunga mlango, upenyo wa chini ya mlango anauziba kwa khanga mbovu. Pembeni ya jiko anaweka beseni la maji, anasema maji yanavuta sumu. Juu yake kafunga kamba ya kuanikia nepi. Nilipomwambia nimesikia mkaa unaua, alinijibu kwa upole tu: "Mwanangu, kinachoua ni moshi. Mkaa ukishakolea hauna moshi. Nimelea watoto saba kwa moto huu huu."

Alhamisi ya wiki iliyopita mtoto hakuniamsha. Huwa anadai ziwa saa saba usiku, hakosei. Usiku huo niliamshwa na maziwa yenyewe, yamejaa mpaka yanauma, naangalia simu ni saa tisa kasoro. Kichwa kinagonga kama kinu. Nilipotaka kusimama miguu haikunibeba, nikajikokota mpaka mlangoni, nikaufungua, nikatapika pale pale kizingitini. Nilirudi kumchukua mtoto, amelegea, ziwa analishika halafu analiachia. Tukakaa nje kwenye baridi, nimemfunika kwa blanketi, baada ya muda akaanza kulia na kunyonya. Mavyaa naye aliamka na kichwa kizito, akameza Panadol. Akasema ni baridi ya uzazi imeniingia, jiko liongezwe mkaa. Wifi yangu anasema ni jinamizi, tumtafute mtu wa kutusomea.

Asubuhi nilikwenda zahanati, nikapimwa malaria, hakuna. Suala la jiko sikulitaja kwa sababu mavyaa alikuwa amekaa pembeni yangu na sikutaka aonekane mbaya. Tangu siku hiyo jiko bado linaingia, ila sasa dirisha linaachwa wazi upana wa kidole.

Nauliza, Shangazi. Ni kweli mkaa uliokolea hauna madhara? Kidole kimoja cha dirisha kinatosha? Na kama nina haki ya kukataa, nakataaje bila kumvunjia heshima mama ambaye bila yeye nisingejua hata kumfunga mtoto nepi? Mama yangu mzazi anasema nishuke Tanga nimalizie arobaini kwao. Mume nikimwambia hilo ataona nimemkimbia mama yake.

Mzazi, Lushoto

*

Marahaba mwanangu. Hongera ya mtoto, Mungu amkuze.

Kabla hujaendelea kusoma: leo jiko lisiingie chumbani. Likiingia, wewe na mtoto mkalale chumba kingine na mlango wa huko uwe umefungwa, hata kama ni godoro la chini sebuleni, hata kama baridi inatafuna mifupa. Kisha urudi hapa tuzungumze taratibu. Najua kusema "toa jiko" ni maneno mawili, ila kuyasema mbele ya mama aliyekukanda siku 26 ni mzigo.

Nilikuwa mkunga miaka mingi kabla sijakaa kitako kujibu barua, na yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya ile saa tisa kasoro. Mtoto anayedai ziwa kila siku saa saba akipitiliza karibu saa mbili, halafu akiamshwa hana nguvu ya kunyonya, huyo hakulala vizuri, huyo alikuwa anazimika. Wewe uliamshwa na maziwa yako. Ungekuwa umemnyonyesha kwa chupa tusingekuwa tunaandikiana.

Jinamizi halikuhusika. Mlivuta gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi, haiwashi macho. Inaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, halafu akili inavurugika na usingizi mzito unakuja. Aliyelala tayari anapita kwenye usingizi moja kwa moja bila kupewa taarifa.

Sasa hapo kwenye mkaa kukolea, kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyowadanganya wengi. Mti unapochomwa kwenye tanuri kule porini, maji yake, utomvu wake na vyote vinavyofanya moshi vinatokea huko huko. Tunachonunua kwenye gunia ni kaboni karibu tupu. Ndiyo maana jiko la mkaa halikulizi kama kuni. Mavyaa yuko sahihi kabisa kwamba moshi haupo. Lakini kaboni inayoungua na kukosa hewa ya kutosha hutoa hiyo monoksaidi, na katikati ya makaa yaliyobanana hewa haitoshi hata siku moja. Hata ile gesi nyingine isiyo na ukali inayotoka chini ya jiko, ikipenya kwenye makaa mekundu ya juu inageuzwa kuwa monoksaidi. Umewahi kuona vile viulimi vya bluu vinacheza juu ya makaa? Hiyo ndiyo gesi yenyewe inaungua. Isiyowahi kuungua mnaivuta. Kwa hiyo jiko jekundu, tulivu, lisilo na moshi, ndilo la kuogopwa zaidi, maana halikupi sababu ya kufungua mlango. Kuni zingekutoa nje kwa machozi dakika ya tano.

Ikifika kwenye damu inashikamana na chembe nyekundu, zile zinazobeba oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Chukulia daladala ya kwenda Makorora: abiria mmoja kapanda mapema, kalalia viti vyote na hataki kushuka. Gari linazunguka mjini kutwa, kondakta anapiga bati, lakini watu wanaotakiwa kusafiri wamebaki kituoni. Ndivyo damu inavyozunguka bila kupeleka kitu kwenye ubongo na moyo. Kichanga anapumua haraka kuliko sisi, anajaza viti vyake mapema.

Beseni la maji halifanyi kazi. Gesi hii haiyeyuki kwenye maji ila kidogo sana, unaweza kuweka pipa zima na chumba kikabaki na sumu yake. Beseni lina faida moja tu, kuwa karibu nepi ikidondokea motoni. Na wale wanaosema jiko likikaa chini na sisi tukalala juu kitandani sumu inabaki sakafuni, nao wamekosea: uzito wake ni karibu sawa na wa hewa ya kawaida, inachanganyika chumba kizima. Majivu yakifunika makaa bado inatoka. Kidole kimoja cha dirisha hakitoshi, na hakuna mtu anayeweza kukuambia kingetosha vidole vingapi, kwa sababu usiku upepo hutulia na jiko halijui. Nisingekubali hata dirisha zima kwa mtu aliyelala.

Sasa nimtetee mavyaa, maana watoto saba si hadithi, amewalea kweli. Aliwalea wapi? Muulize siku mkiwa mmetulia. Nyumba nyingi za zamani za milimani zilikuwa za miti na udongo, juu nyasi, na kati ya ukuta na paa kuna uwazi mkono unapita. Moto ulikaa ndani, ndiyo, na moshi uliwatoa machozi, lakini hewa ilikuwa inaingia na kutoka usiku kucha kupitia nyasi na nyufa. Zile nyumba za Wajerumani zilizobaki hapo Lushoto tangu mji unaitwa Wilhelmstal, nyingine utaziona na dohani juu ya paa: moto una njia yake ya kutolea pumzi. Mwanawe alipojenga akapiga plasta, akaweka dari, akatia madirisha ya vioo ya aluminiamu yanayobana, na mama mwenyewe akamalizia kwa kuziba mlango kwa khanga. Moto ni ule ule aliouzoea, ila umehamishiwa ndani ya sufuria yenye kifuniko. Elimu yake ni ya nyumba nyingine.

Turudi zahanati. Hukufanya vizuri kunyamaza, nakwambia kama mama. Kichwa, kutapika na mwili kuchoka vinafanana na malaria, na mtu akipimwa malaria ikakosekana anarudishwa nyumbani, tena kwenye chumba kile kile. Dalili yenu ilikuwa wazi kwa anayejua: watu watatu wa chumba kimoja mmeugua usiku mmoja, na mmepata nafuu mlipotoka nje. Malaria haina tabia hiyo. Nenda tena kesho na mtoto, ikiwezekana hospitali ya wilaya hapo mjini, na sentensi ya kwanza utakayosema iwe "tumekuwa tukilala na jiko la mkaa chumbani." Mwambie muuguzi pia kwamba mtoto alilegea. Usitulizwe na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni peke yake. Kile hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii, kinaweza kuonyesha namba nzuri mtu akiwa taabani.

Na ikitokea tena, kwako au kwa jirani, watoeni watu nje kwanza, mlango na dirisha wazi, jiko nje, halafu hospitali usiku ule ule. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua kama saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni ya barakoa nusu hiyo hutoka kwa kama saa 1 mpaka 1 na nusu. Kwa kichanga tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Mtu asimnyweshe mgonjwa maziwa. Najua ni dawa yetu ya kila sumu, lakini hii haiko tumboni, na aliyezimia ukimmiminia maziwa yataingia mapafuni.

Baridi yenyewe nayo ni adui wa kweli, sisemi mavyaa kaizua. Mtoto mchanga anatakiwa awe na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5, na Lushoto mwezi wa saba ukimwacha vibaya atashuka. Kwa hiyo ukiliondoa jiko lazima uweke kitu mahali pake, la sivyo mavyaa atalirudisha, na atakuwa na hoja.

Kitu cha kwanza ni kifua chako. Mtoto na nepi yake na kofia, kifuani kwako ngozi kwa ngozi, juu yake khanga na blanketi mgongoni kwake, uso wazi. Hakuna jiko linalofikia hapo, na mavyaa anaweza kukupokea mchana ukapumzika. Ukihisi usingizi unakuchukua mlaze pembeni, usisinzie umemkumbatia kwenye kiti. Kumjua kama ana baridi usishike mikono na miguu, hiyo hupoa ovyo. Shika tumbo au shingo kwa nyuma. Tumbo likiwa la baridi na hataki kunyonya, hapo hakuna kujadiliana, ni hospitali.

Kitanda watu wanakisahau. Baridi kubwa inatoka chini, godoro jembamba linaipitisha. Blanketi moja chini ya shuka linasaidia kuliko mawili mazito juu, na juu ya kichanga mazito hayafai kabisa. Chini ya godoro tandika mkeka. Mvalishe nguo mbili tatu nyepesi badala ya sweta moja nene, mpe kofia na soksi. Kuoga kwake kuhamishwe kutoka asubuhi kwenda saa saba mchana, jua likiwa limechoma ukungu. Siku ambayo jua halikutoka, futa yanayohitaji kufutwa na basi. Hakuna kichanga aliyeharibika kwa kukosa kuoga siku moja.

Halafu maji ya moto. Nunua mipira ya maji ya moto miwili, hata mitatu, maduka ya dawa huwa inapatikana. Jaza theluthi mbili tu, maji yawe ya moto lakini yasiwe yanachemka, toa hewa, kaza kifuniko, geuza juu chini uone kama inavuja. Funga kwa taulo. Weka kitandani nusu saa kabla ya kulala, na unapomlaza mtoto iondoe upande wake. Wewe na mavyaa mnaweza kubaki nayo miguuni. Chupa za plastiki za maji ya dukani hapana, zinanywea kwa joto na kifuniko kinaachia.

Na ile khanga ya chini ya mlango, ibaki. Kwa kuwa moto hauko ndani, sasa ndiyo ina kazi ya halali.

Mtu atakushauri uingize jiko la gesi badala ya mkaa, ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu. Usikubali. Nao ni moto wazi, unakula hewa ile ile, na gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni kumtafuta mwenye kiberiti. Gesi ikae jikoni kwake. Hita ya umeme inawezekana kama waya za nyumba ni nzima: ichomekwe ukutani moja kwa moja, kamwe si kwenye ekstensheni yenye chaji za simu tatu, ikae mita 1 mbali na pazia, chandarua na kitanda, nepi isitupwe juu yake, na izimwe mnapolala. Ya wati 2000 inakula uniti 2 kwa saa. Washeni saa moja kabla ya kulala chumba kipate joto, inatosha. Mkiiacha usiku kucha LUKU itaamka kabla yenu.

Nepi sasa. Hili nililisoma nikashika kichwa, maana hata kama mkaa usingekuwa na sumu, kamba ya nepi juu ya moto ndani ya chumba chenye chandarua ni kiberiti kilichotegeshwa. Nepi ikikauka inakuwa nyepesi, inateleza, inadondoka. Chandarua kingi ni poliesta, hakiungui kama pamba, kinayeyuka na kudondosha matone ya moto juu ya aliyelala. Kamba ihamie jikoni, pembeni ya jiko na siyo juu yake, na mtu awepo. Pasi inamalizia unyevu uliobaki. Umeme ukikatika tumieni tochi ya simu au taa ya sola. Mshumaa na koroboi karibu na chandarua, hapana. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike kwenye simu ya mavyaa pia.

Majivu wengi hawayafikirii. Makaa yaliyolala ndani ya majivu yanaweza kuwa hai mpaka kesho yake. Yasitiwe kwenye ndoo ya plastiki wala kumwagwa kwenye takataka kavu nyuma ya nyumba. Yamwagiwe maji kwanza.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua tu iwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, mwili mwingine ukiwa umefunikwa, hasa kwa baridi yenu hiyo. Dawa ya meno, yai, asali, unga wa ngano, vyote vibaki kabatini. Kichanga akiungua hata kidogo apelekwe hospitali.

Haya, mavyaa. Ninavyomsoma kwenye barua yako si mkaidi, ni mtu mwenye kazi anayoipenda. Wewe unataka kumnyang'anya moto, na moto ndiyo cheo chake humo chumbani. Ukimwambia "mkaa ni hatari" amesikia "umelea vibaya." Kwa hiyo usianze na mkaa. Anza na kichwa chake. "Mama, ile Alhamisi na wewe uliamka na kichwa, nimeogopa juu yako." Ni kweli, wala hujamtungia. Mtu mzima akijiona naye yumo hatarini anasikiliza tofauti na anapoambiwa kakosea. Halafu lawama ipeleke kwenye nyumba: "Nyumba hii aliyotujengea mwanao haina pa kutolea hewa kama ile yenu." Hapo hajashindwa na mkwewe, na mwanawe akisemwa kidogo kwa ajili ya madirisha hatakufa.

Kisha mpe moto wake mwingine. Jiko libaki barazani au jikoni mlango ukiwa wazi, na yeye ndiye mwenye kuchemsha maji ya mipira, kupasha nguo za mtoto kabla ya kuvalishwa, kupika uji wa usiku na kuuweka kwenye chupa ya chai ili saa saba ukiamka uwe wa moto. Mwambie hizo kazi huziwezi bila yeye. Sidhani kama utakuwa unadanganya.

Mumeo mpigie leo, usisubiri arudi na gari. Msimulie Alhamisi yote, mpaka mtoto kulegea, halafu umwombe ampigie mama yake mwenyewe. Mtoto wa kiume akimwambia mama yake "mama, naomba jiko lisilale ndani, nikiwa barabarani silali kwa hofu" ni ombi la mtoto. Wewe ukisema neno lile lile ni mkwe anapanda kichwani. Si haki, lakini ndivyo tulivyo.

Na kesho hospitali nenda naye. Wewe ulimkwepesha muuguzi asijue, mimi nataka umkutanishe naye. Mahudhurio ya mama na mtoto baada ya kujifungua yanaendelea mpaka siku ya 42, kwa hiyo hata huhitaji kisingizio. Mwombe muuguzi pembeni amweleze bibi wa mtoto kwa heshima zote, tena kwa Kisambaa kama anakijua. Nimewahi kuwa upande ule wa meza. Bibi akielezwa na aliyevaa sare anarudi nyumbani yeye ndiye mwalimu, na baada ya wiki utamsikia anawafundisha majirani jambo la mkaa kama vile alizaliwa nalo. Mwache. Usimkumbushe.

Wifi na jinamizi lake usibishane naye. Kisomo hakimdhuru mtoto, ila kisomewe kwenye chumba kisicho na jiko. Na chetezo cha ubani kisiletwe mlango ukiwa umefungwa, hata dakika kumi. Nacho ni mkaa. Hilo nawaambia na nyie wa Tanga mjini mnaosoma mkidhani haya ni ya watu wa milimani, mnaofukiza nguo za harusi chumbani na mtoto amelala, na mnaoingiza jiko ndani mvua ya masika ikinyesha.

Kushuka Tanga sikushauri kwa sasa. Kona za Soni mpaka Mombo na mshono, kama ulishonwa, hazipatani, na mtoto wa siku 26 kwenye basi lililojaa atashuka na mafua ya abiria wote. Tena ukiondoka kwa ugomvi wa jiko, utarudi na jiko bado lipo. Lakini sikufungi. Kama mumeo kapiga simu, muuguzi kasema, na usiku wa pili jiko likaingia tena chumbani unakolala, hapo panda gari ushuke kwa mama yako, na mumeo mimi nitamjibu hapa hapa akiandika.

Mavyaa nisalimie. Mwambie nimesema amekulea vizuri, na huo uji wa pilipili manga aniandikie anavyoupika, maana wangu kila siku unatoka na madonge.

Shangazi